Kilomita Mia Nane Hadi Delhi

"Ukikohoa tu, nakutoboa figo."

Numa Limbu, mpelelezi wa siri wa Nepali, hakukohoa.

Alikuwa amebanwa kiti cha katikati. Dirishani lilikaa pandikizi la mtu lenye kisu cha kauri, kile ambacho mashine za ukaguzi hazikioni. Upande wa njia aliketi Raimajhi, mwizi wa miungu, mkoba mweusi katikati ya miguu yake. Ndani yake alilala Tara, sanamu ya dhahabu iliyong'olewa hekaluni Patan. Amri ya Numa ilikuwa fupi: ifuate mpaka kwa mnunuzi.

Walimtambua kabla ndege haijaiacha ardhi.

"Kathmandu hadi Delhi, kilomita mia nane na ushei," Raimajhi alinong'ona, akigonga saa yake ya Seiko. "Saa moja na nusu. Vijana wangu wanangoja na kiti cha magurudumu. Utashuka umelala, mdogo wangu."

Ardhini Numa angeruka ukuta. Hapa angeruka nini?

Mhudumu alifika na kigari cha vinywaji.

"Chai, dada?"

Ncha ya kisu ikapenya sweta.

"Ya rangi. Na chumvi vijiko viwili."

"Chumvi!" Raimajhi alicheka. "Kumbe serikali inaajiri mbuzi?"

Mhudumu hakucheka. Maneno hayo yalikuwa ishara ya siri; mkuu wa Numa aliwapa asubuhi ile, yeye na rubani. Akamimina chai, akaenda mbele bila haraka.

Skrini za ramani zikazimika.

Ndege ikainamisha bawa, taratibu, kama mtu anayejigeuza usingizini. Walikuwa nusu ya njia. Kufika Delhi au kurudi Kathmandu, muda ulikuwa uleule. Seiko isingegundua kitu.

Ila mama mmoja ng'ambo ya njia alikuwa na macho.

"Jamani, Himalaya! Nilinyimwa kiti cha upande wa milima, sasa milima imenifuata yenyewe!"

Raimajhi akageuka. "Upande ule? Inakuwaje?"

Pandikizi likashika kifuniko cha dirisha.

Damu ilimchuruzika Numa ubavuni. Alijilazimisha kupiga mwayo.

"Delhi foleni mpaka angani. Tunazungushwa tungoje zamu ya kutua. Au leo ndiyo mara yako ya kwanza kupanda ndege, kaka?"

"Nimepanda kabla hujaota meno!" Akalifokea pandikizi. "Acha dirisha, fala! Mshike huyu."

Kifuniko kikabaki chini.

Dakika zilitambaa. Numa alihesabu pumzi zake mwenyewe.

Magurudumu yakagusa lami.

Raimajhi alitazama saa, akatabasamu. Aliwahi kusimama kabla ya abiria wote, mkoba kwapani, akawapiga watu vikumbo mpaka mlangoni. Mlango ukafunguka.

Hewa ya baridi. Vilima pande zote.

Delhi haina vilima.

"Karibu tena nyumbani, kaka," alisema ofisa aliyesimama juu ya ngazi, bastola mkononi.

Nyuma, pandikizi lilinyoosha shingo kumtafuta bosi wake. Hilo lilitosha. Kiwiko cha Numa kilivunja pua, kisu kikaanguka, na abiria wawili wakalikalia lile jitu mpaka pingu zilipofika.

Simu ya Numa ikalia.

"Numa. Ripoti," ilisema sauti ya Mkuu Khadka.

"Tara yuko salama. Mnunuzi utamjua sasa hivi. Raimajhi ameshaanza kutaja majina, na hakuna aliyemuuliza."

"Naambiwa umeumia. Gari la wagonjwa liko chini ya ngazi. Panda."

"Nitapanda, mkuu."

Alikaza shali ubavuni, akashuka, akalipita gari la wagonjwa bila kuligeukia, akaenda kutafuta sahani ya momo, zile sambusa za mvuke zenye nyama ya nyati.