Maji ya Pipa la Fundi

Jirani yetu mmoja, muuguzi, siku zake za mapumziko zote zilimkuta nje na kisanduku chake cha rangi za maji. Alichora foleni ya kinyozi, nguo kambani, muuza duka aliyesinzia. Tulimbatiza Brashi. Alikuwa na tabia mbili zilizotuudhi: maji ya rangi aliyachota popote alipokaa, na brashi aliichongoa kwa ulimi.

"Utakuja kulamba sumu, dada," mdogo wake alimwonya.

"Nimekula chakula cha hospitali miaka kumi. Sumu ipi tena?"

Mdogo wake huyo alikuwa aolewe Jumamosi na fundi seremala. Mke wa kwanza wa fundi alisemekana kumtoroka na mwanamume, na sote tulimhurumia, mtu mpole wa watu. Tulisahau kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Alhamisi asubuhi Brashi alikwenda karakana kuwachorea maharusi picha ya zawadi. Fundi akamvutia kigoda.

"Chora, shemeji, ila kitambi changu ukipunguze."

Wakacheka. Fundi akatoka kumpelekea mteja kiti.

Brashi akachora meza ya randa, misumeno ukutani, maranda sakafuni. Mlango wa nyuma akauacha mweupe, maana kwa rangi za maji mwanga haupakwi. Karatasi huachwa tupu. Mara maji yakamwishia kikoponi. Bomba lilikuwa kavu. Nyuma ya mbao akaona pipa lililopigiliwa ubao juu, kona moja imevunjika. Akachovya kikopo. Maji yalikuwa maangavu, hayana harufu.

Akachora kidogo, akailamba brashi. Chumvi. Chuma. Damu muuguzi hafundishwi.

Alitaka kutema, mdomo ukagoma kufunguka. Mkono wake ukaendelea kuchora. Pale mlangoni, penye weupe, akatokea mwanamke amepiga magoti. Nyuma yake, mwanamume ameinua nyundo. Kitambi kile Brashi alikijua. Rangi nyekundu hakuwa ameigusa siku hiyo. Karatasi ilikuwa nyekundu.

Fundi akarudi. Akaitazama picha. Akafunga mlango kwa komeo.

"Nani kakwambia?" alinong'ona.

"Shemeji, mdogo wangu..."

"Mdogo wako ataolewa Jumamosi. Naye akinijibu vibaya, pipa lina nafasi."

Pigo la kwanza la nyundo lilimvunja Brashi bega la kushoto. La pili likampasua sikio. Akaanguka kwenye maranda, anapiga kelele, anamwona mawazoni mdogo wake ndani ya pipa lile. Mkono wa kulia ukainuka. Hakuuinua yeye. Ukaizamisha brashi jichoni mwa fundi, ikaingia nusu.

Nyundo ikadondoka. Mkono ukaiokota.

Goti. Kiwiko. Taya. Fundi aliomba, meno yakimwagika. Brashi naye alilia, akiusihi mkono wake mwenyewe uache. Haukusikia. Ubavu. Ubavu tena. Shingo. Kisha kinywani mwa Brashi ikatoka sauti ya mwanamke asiyemjua, ya chini, iliyochoka.

"Mimi niliomba mara saba."

La saba lilikuwa la utosini.

Polisi walivunja pipa. Chini kulikuwa na mifupa ya mwanamke, imevunjwa mahali saba. Daktari akaihesabu na mifupa ya fundi iliyovunjika. Saba, mahali palepale. Brashi aliachiwa kwa kuwa alijitetea, na bega likapona. Mdogo wake alimlilia fundi wiki nzima, halafu akamlilia yule mwanamke, na hadi leo hajaolewa.

Picha wanayo sebuleni, imegeuzwa uso ukutani. Mwaka jana niliomba kuiona. Mlangoni hamna mtu. Karatasi pale ni nyeupe, kana kwamba haijawahi kuguswa na maji. Ila kuna nyayo ndogo nyekundu. Zinatoka mlangoni, zinapita juu ya maranda, zinakuja mbele, zinaishia ukingoni mwa karatasi, upande wetu.

Miaka minne ilikuwa imepita tangu Alhamisi ile. Niligusa unyayo wa mwisho, na kidole changu kikatoka kimelowa.