Sitabatizwa Mara Mbili

“Warudishe mbuzi wako, Muthama. Hapa kwangu hakuna zizi lao.”

Mzee Nzomo alisema hayo akiwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Hata kiti hakuwapa wageni. Muthama na wajomba zake wawili walikuwa wametembea tangu alfajiri kutoka kijiji cha wajomba hao wakiswaga mbuzi watatu, wale ambao kijana wa Kikamba hupeleka kwa kina msichana kusema kwamba ameona na ameridhika. Ulikuwa mwaka wa themanini na nne, upande wa Kyuso, na ukame ulikuwa umekausha kila kitu. Mbuzi wenyewe walikuwa ngozi na mbavu, lakini kupata watatu wenye nguvu ya kutembea mwaka ule haikuwa mchezo.

“Mzee, kama ni vile wamekonda...”

“Si mbuzi. Ni mahali unaposali.”

“Lakini sisi sote tunasoma Biblia moja.”

“Basi rudi mahali ulipofundishwa kuisoma. Jumapili simama mbele ya kanisa letu useme kwamba wewe na nyumba yenu mlipotoka, na mnaomba msamaha. Ukimaliza kusema, siku hiyo hiyo nitapokea mbuzi.”

Mjomba mkubwa akacheka kwa hasira. “Twende, Muthama. Huyu hatafuti mkwe, anatafuta mateka.”

Zamani lilikuwa kanisa moja. Kisha vijana wakaleta ngoma ibadani, na wazee wakasema ngoma ni za kupungia pepo. Mulei, baba yake Muthama, akasema ngoma ni mti na ngozi, pepo hayumo. Akatoka na nusu ya waumini, wakajenga kanisa lao ng’ambo ya mto. Nzomo na Mulei, waliokuwa wakiimba besi bega kwa bega tangu ujana, hawakusalimiana tena. Sasa Mulei alikuwa kaburini, lakini ugomvi ulibaki mzima. Watu wa ng’ambo hii walizikana wenyewe kwa wenyewe, na wa ng’ambo ile vilevile. Hata visima vya kuchimba mchangani mtoni vilikuwa viwili, kila kanisa na chake.

Mutindi, binti ya Nzomo, alisikia yote akiwa jikoni. Hakulia. Alifunika sufuria, akajifunga leso kiunoni, na kesho yake asubuhi akavuka mto kwenda kwa Syokau, mama yake Muthama.

Syokau alikuwa akipepeta mahindi ya njano ya msaada. Hakuinua macho.

“Baba yako amemfukuza mwanangu kama mbwa.”

“Najua, mama. Ndiyo maana nimekuja kwa miguu yangu. Nampenda Muthama. Wewe ukikubali, nitajua namna ya kuongea na baba.”

“Mimi sina neno na wewe. Uje ubatizwe kwetu, upya, halafu uitwe mke wa mwanangu.”

“Nilibatizwa, mama.”

“Ule wa kwenu siuhesabu.”

“Mungu aliuhesabu. Sitabatizwa mara mbili.” Mutindi akatabasamu kidogo, kwa heshima. “Na mwaka huu, hayo maji yenyewe mtayatoa wapi?”

Syokau karibu acheke. Akajizuia, akarudia kupepeta. “Nenda nyumbani, msichana. Una kichwa kigumu kama cha baba yako.”

Muthama alikuwa fundi wa mawe, akijenga madarasa huko mjini Wote. Hakuwa na muda wa kukaa kijijini, alirudi kazini na uchungu wake. Siku ya soko Mutindi alipata nafasi kwenye lori hadi Mwingi, akaingia posta, akaomba apigiwe simu duka la Gachanja, mfanyabiashara aliyewauzia mafundi saruji pale Wote.

“Halo? Gachanja hapa.”

“Nataka Muthama, fundi. Tafadhali mwambie ni Mutindi.”

“Ah, ndiwe Mutindi! Huyu kijana siku hizi anakoroga saruji kama mtu anakoroga uji wa matanga. Ngoja.”

Alingoja. Kisha sauti aliyoijua.

“Mutindi?”

“Ni mimi.”

“Sikiliza, kabla hawajatukata. Nimeamua. Jumapili nakuja. Nitasimama mbele ya kanisa la baba yako niseme tulipotoka. Ni maneno tu. Nitayasema, yatapita, nikuoe.”

“Unaamini mlipotoka?”

Sauti za wateja wa Gachanja zikasikika nyuma yake.

“Muthama, nimekuuliza.”

“Baba yangu alikufa akiomba. Hakupotoka mahali.”

“Basi usiseme. Ukisimama pale umkane baba yako kwa sababu yangu, na mimi nitasimama niwaambie watu kwamba huyu anadanganya.”

“Sasa unataka nini? Tutoroke? Njoo Wote. Nina chumba, nina kazi.”

“Siji kuolewa kama mtu ameiba kitu. Nataka baba yangu na mama yako wote wawili wakiwa pale.”

“Hao hawawezi kukaa kiti kimoja! Tumeomba mwaka mzima, Mutindi. Mwaka mzima!”

“Wewe umeomba kwenu, mimi nimeomba kwetu. Lini tumeomba pamoja?”

Sauti ya mwanamke wa mitamboni ikaingia: “Mnaendelea ama mmemaliza?”

“Tumemaliza,” Mutindi akasema. “Muthama, visima vinaelekea kukauka; ukipata likizo njoo na sululu na koleo. Si mbuzi.”

Wiki ile kisima cha kina Syokau kilikauka. Walichimba mpaka mtu akazama kimo chake chote, wakatoa mchanga mkavu. Asubuhi iliyofuata wanawake wa ng’ambo wakaja na mitungi yao kwenye kisima cha kanisa la Nzomo, wakawakuta wenyewe wamepanga foleni. Maneno yakaanza.

“Mlituachia kanisa, sasa tuachieni na maji!”

“Mto ni wa kanisa lenu? Mliumba nyinyi?”

Wanawake wawili wakashikana, mtungi katikati, kila mmoja akivuta. Mutindi akashuka ndani ya kisima, akasimama kwenye yale maji machache, kata mkononi.

“Hakuna mtu anachota,” akasema. “Mpaka tuombe.”

“Wuui! Toka hapo, utayachafua!”

“Nitatoka. Lakini tuombe kwanza. Kila mtu ashike mkono wa yule aliye karibu naye. Akiwa wa ngoma, mshike. Akiwa wa kitabu cha nyimbo, mshike. Asiyetaka kushika mkono wa mwenzake aende atafute maji kwingine.”

Jua lilikuwa linapanda, na watoto nyumbani walikuwa na kiu. Mmoja akashika, mwingine akashika. Mutindi aliomba kwa maneno machache, kwa Kikamba, akiwataja wagonjwa wa pande zote mbili kwa majina. Kisha akaanza kuwajazia mitungi mmoja mmoja, wazee na wenye watoto wachanga kwanza, bila kuuliza mtu anasali wapi.

Kesho yake akafanya vilevile. Na kesho kutwa. Muthama alipofika kutoka Wote na vijana wawili wa ujenzi, walichimba kisima kirefu zaidi, wakakijengea mawe kuta zake zisianguke. Vijana wa kanisa la Nzomo wakaona haya kutazama wenzao wakitoka jasho, wakavua mashati wakaingia. Mutindi alipita na mtungi kichwani, na Muthama, mchanga umemjaa mpaka kwenye nyusi, akamwambia kwa sauti ya chini:

“Nimekuletea sululu.”

“Nimeiona.”

“Hujanisalimia hata.”

“Nakuombea kila asubuhi mbele ya kijiji kizima. Unataka salamu gani zaidi?”

Muthama akacheka, akarudi kuchimba.

Habari zilimfikia Mzee Nzomo kwamba binti yake anaongoza maombi mtoni na watu wa ngoma. Asubuhi moja akachukua fimbo na mtungi wake, akashuka mwenyewe kukomesha jambo hilo. Alifika wakiwa wamepiga magoti mchangani. Akatafuta kitambaa cha kichwa cha Mutindi kwa macho, na badala yake akaona cha mke wake, Muthoki. Alikuwa amepiga magoti kando ya Syokau, mikono yao imeshikana.

“Muthoki! Inuka!”

Muthoki hakufungua macho. “Nikimaliza kuomba, baba Mutindi.”

Walimaliza, wakasema amina, na ndipo Muthoki akainuka, akajipangusa mchanga.

“Umenificha haya yote,” Nzomo akasema.

“Hukuniuliza maji yanatoka wapi. Uliyanywa tu.”

Akamgeukia binti yake. “Na wewe! Nilisema Muthama atubu kwanza.”

“Baba, nakuheshimu. Lakini sitaolewa na mtu aliyelazimishwa kudanganya madhabahuni, na sitaolewa bila wewe. Nitangoja. Hata nikizeeka nikiwa kwako, nitangoja. Na kila asubuhi nitakuwa hapa.”

Syokau akasimama. Alikuwa mwanamke mfupi, lakini watu walimpisha.

“Nzomo, wewe unadhani mimi nimekasirika kwa ajili ya ngoma? Hata wimbo wa jana, ukiniuliza ngoma ilipigwaje, sikumbuki.”

“Sema unachotaka kusema, mke wa Mulei.”

“Mulei alipokuwa kitandani, kila jioni aliniuliza, Nzomo amekuja? Nikamwambia yuko njiani. Jioni nyingine, Nzomo amekuja? Yuko njiani. Nilimdanganya mume wangu mpaka akakata roho. Hicho ndicho nilichobeba. Si ngoma.”

Nzomo akaegemea fimbo yake. Alipoongea, sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

“Siku ya mazishi nilikuja.”

“Nani alikuona?”

“Hakuna. Nilifika kwenye ua wako wa katani. Nikasikia ngoma. Nikarudi.”

“Zilikuwa zinamlilia rafiki yako,” Syokau akasema.

Nzomo akageuka akapanda ukingo wa mto, mtungi mtupu mkononi, na hakuna aliyemfuata.

Kesho yake Muthama alikuwa akitengeneza mlango wa jiko la mama yake aliposikia hodi. Akatoka, akakuta Mzee Nzomo amevaa koti la Jumapili, kofia mkononi, na ilikuwa Jumatano.

“Karibu, Mzee. Nikuletee kiti?”

“Sijaja kukaa. Nimekuja kumwona baba yako.”

Syokau alikuja kutoka nyuma ya nyumba. Alitangulia, wao wakafuata, mpaka kwenye kaburi la mawe chini ya mgunga.

“Nisamehe, mke wa Mulei,” Nzomo akasema.

“Zungumza naye kwanza. Mimi ni wa pili.”

Mzee akapiga magoti kwa shida. “Mulei,” akasema. “Mulei, nimechelewa.” Akajaribu kuendelea na maombi, yeye aliyejulikana kwa kuomba mpaka watoto wakasinzia. Maneno hayakuja. Syokau aliutazama mgongo ule, halafu akapiga magoti kando yake, akaweka mkono juu ya jiwe, na akaendeleza maombi kuanzia pale Nzomo alipoachia, mpaka mwisho.

“Amina,” Muthama akasema nyuma yao.

Walipoinuka, Nzomo akajipangusa uso kwa kofia. “Kijana, waambie wajomba zako waje. Na hutasimama mbele ya mtu kutubu kitu.”

“Asante, Mzee.”

“Na mimi yale maji ya ubatizo nimeyaacha,” Syokau akasema. “Yule msichana ameombea wagonjwa wetu kwa majina. Nitambatiza nini tena?”

Isidhaniwe kwamba kila kitu kilinyooka. Wachungaji wawili walibishana wiki nzima. Mwishowe ikakubaliwa harusi iwe kanisa la zamani, kwa kuwa ndilo lenye kibali cha kufungisha ndoa, na ngoma zipigwe nje baada ya ibada. Kuna wazee wawili walioapa hawatahudhuria, na kweli hawakuhudhuria.

Siku ya harusi Mutindi alifika na gauni la kuazima kutoka kwa binamu yake wa Mwingi. Akakuta watu wa kanisa la Syokau wamesimama nje juani, mamia yao, na mlangoni wahudumu wa kanisa wamekunja mikono.

“Hawa mbona wako nje?” akauliza.

“Nafasi imejaa, bi harusi. Ingia, mchungaji anangoja.”

Akachungulia. Benchi za mbele za wazee zilikuwa na nafasi tele.

“Basi angoje.” Akashusha shada la maua, akasimama pale pale kizingitini. “Siingii mpaka hawa waingie.”

Minong’ono ikapita kanisani kama upepo kwenye mtama. Muthama, aliyekuwa mbele, akatoka akaja kusimama kando yake bila kuuliza. Mchungaji akakohoa. Ndipo Mzee Nzomo akainuka kutoka benchi ya mbele, ile aliyoikalia miaka yote kama mzee wa kanisa, akatembea katikati mpaka mlangoni.

“Mke wa Mulei,” akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, “njoo ukae mahali pangu.”

“Na wewe utakaa wapi?”

“Nitasimama. Nimekaa vya kutosha.”

Syokau akaingia. Nyuma yake wakaingia wengine, wakabanana, wakapakata watoto wa watu wasiowajua, wengine wakakaa chini kwenye sakafu. Na mchungaji alipouliza kama Mutindi amekubali kumpokea Muthama, alijibu “Nimekubali!” kwa nguvu hata wale walioshindwa kuingia wakamsikia na kupiga vigelegele kabla ya wakati.

Mvua haikunyesha siku hiyo. Ilichukua muda mrefu bado. Jioni, wageni walipotawanyika, Muthama akakaa na mkewe kwenye ngazi ya nyumba yao ndogo, viatu wamevua.

“Sasa niambie,” akasema. “Jumapili tutaenda kanisa gani?”

“Hii kwenu, inayofuata kwetu.”

“Na watu wakiuliza sisi ni wa wapi hasa?”

“Waambie waje mtoni asubuhi watuulize wakiwa wamepiga magoti,” Mutindi akasema. “Wakimaliza kuomba, hawatakuwa na swali.”