Chumba cha Mwezi Mmoja

Haya yalimkuta rafiki yangu, muuguzi, alipohamishiwa hospitali ya katikati ya jiji kwa mwezi mmoja tu. Alitaka chumba cha kupanga kwa muda huo, basi. Wenye nyumba wote wakamjia juu: chukua mwaka mzima au nenda zako!

Dalali akamzungusha juani tangu asubuhi. Chumba cha kwanza hakikuwa na dirisha. Cha pili, ukifungua mlango unagonga kitanda. Na kila walipofika mlangoni, dalali aliimba wimbo uleule: "Hiki sasa ndicho chenyewe, dada!"

Alasiri wakapanda ghorofa moja kuukuu. Umeme ulikuwa umekatika, korido giza totoro. "Humu hamna mtu," dalali alimhakikishia, akaanza kuhangaika na kufuli. Chuma kikawa kinakwaruza chuma, mlango haufunguki. Rafiki yangu, miguu imemvimba, akaupiga mlango kofi kwa hasira.

"Hiki sasa ndicho chenyewe, dada," akasikia, taratibu.

"Kaka, nimechoka na maneno yako!" akafoka. "Fungua nione!"

Kufuli likaacha kulia. Ndipo akawasha tochi ya simu.

Dalali alikuwa kando yake, amebana funguo nyingine kwa meno, mikono yote miwili imeshika kufuli lisilofunguka. Macho yamemtoka, anauangalia mlango.

Na sauti yake, kutoka ndani, ikasema, "Ingia tu, dada. Humu hamna mtu."