Nilimshonea Gauni la Njaa

Nina miaka ishirini na tisa, ni fundi cherehani hapa Tarime mjini, na nyumbani kwetu ni Nyamwaga. Sijaolewa. Haya ninayowaandikia, wasomaji wenzangu, sijamweleza hata mama yangu mzazi. Nilitendewa ubaya... na mimi nikautenda.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa na mchumba, Marwa, mwalimu wa shule ya msingi. Wazee wake walikuwa wamekwisha kufika kwetu kuzungumzia ng'ombe wa mahari. Nilikuwa pia na rafiki, Ghati. Tumekua pamoja, tumechota maji mto mmoja, na mjini tulipanga chumba kimoja. Ningemficha nini huyo?

Siku moja tukipika, aliniambia kwa upole, kama mtu anayenionea huruma, "Bhoke, usinichukie. Marwa anaona aibu kutembea na wewe. Anasema umekuwa kama gunia."

Sikumuuliza Marwa. Ningeanzia wapi? Nilisukuma sahani pembeni, na tangu jioni ile chakula kikawa adui yangu.

Ghati aliniletea unga fulani wa kupunguza mwili. Nikanywa. Mwili ukidai haki yake, nilikula kwa kujificha, haraka haraka kama mwizi, halafu nikajitapisha na kulia. Nywele zilinyonyoka. Siku zangu za mwezi zikakatika. Wateja wakaniuliza kama naumwa, nami nikafurahi! Ndiyo, nilifurahi...

Siku moja nilianguka juu ya cherehani. Majirani wa sokoni wakanikimbiza kituo cha afya. Marwa alikuja, lakini hakukaa. Alisimama mlangoni akasema mji mzima unajua nina Ukimwi na ninamficha, na kwamba wazee wake wameghairi. Nilimwambia kwa sauti iliyokauka kwamba nilijikondesha kwa ajili yake.

"Kwa ajili yangu?" akashangaa. "Nani alikutuma?"

Akaondoka. Haukupita mwezi nikajua nani aliyeeneza uvumi ule. Ghati! Na nani aliyevishwa pete ya Marwa? Ghati huyo huyo!

Mama mkubwa, dada wa mama yangu, alinichukua nikakae kwake Mbalibali, kule Serengeti. Niseme ukweli? Sikutaka kupona. Nilitaka nguvu za kumwangamiza Ghati, na maiti hailipizi kisasi! Hicho tu ndicho kilichonifanya nifungue mdomo nile.

Muuguzi wa zahanati, dada mmoja aliyehamishiwa pale kutoka Kigoma, hakunicheka. Alisema huu ni ugonjwa kama magonjwa mengine, si maringo, na unatibika. Alitaka nimwone kila wiki, akanipa rufaa kwa mtaalamu wa ushauri. Mama mkubwa naye hakunilazimisha. Aliweka ugali wa muhogo na maziwa mgando katikati yetu, akaanza visa vya ng'ombe wake wakorofi, mpaka mkono wangu ukaenda wenyewe. Siku nyingine matonge matatu. Siku nyingine nilirudi nyuma nikajitapisha, nikamwambia huku nimeinamisha kichwa. Akajibu tu, "Kesho tutakula tena."

Ilichukua zaidi ya mwaka. Kisha asubuhi moja nikasikia njaa ya kawaida, isiyo na hofu ndani yake, na dagaa wakawa na ladha! Nililia.

Nikarudi Tarime. Tumbo limepona... lakini moyo?

Mungu, au shetani, akamleta Ghati mwenyewe mpaka kwenye kibanda changu. Amekumbatia kitambaa cha satini. Anataka gauni la sendofu, sherehe ya kumuaga kwao kabla ya harusi.

"Yaliyopita si ndwele," akasema akicheka. "Hakuna fundi kama wewe hapa mjini."

Nilitabasamu. Nikampima kifua, kiuno na nyonga, nikaandika vipimo vyake sawasawa kwenye daftari. Nilipochukua mkasi, nikakata gauni dogo. Kwa makusudi!

Alipokuja kulijaribu, zipu ilikwama mgongoni. Nikatikisa kichwa kwa huruma ya uongo.

"Mwili umeongezeka, Ghati. Marwa hataona aibu kweli?"

Mngeuona uso wake! Usiku ule nililala usingizi mtamu kuliko wote wa maisha yangu. Aliporudi amepungua, nikamwambia bado. Kabla hajarudi tena, nikalibana zaidi. Kila mfupa uliotokeza kwenye bega lake niliuhesabu kuwa ushindi wangu. Je, hakustahili?

Mara ya tatu alikaa kwenye benchi kabla hajavua hata kilemba. Midomo imekauka, na pumzi yake ilikuwa na harufu ile ninayoijua, harufu ya tumbo lililotapishwa. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Bhoke... wewe ulikuwa unafanyaje ili njaa iondoke?"

Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kwa miaka! Mbona sikucheka?

Nikafungua daftari, nikampa asome. "Hivi ndivyo vipimo vyako. Mwili wako hauna kosa. Gauni ndilo dogo, nimelikata dogo makusudi ili uteseke kama mimi."

Alinipiga kofi. Sikulirudisha. Kisha akalia mpaka akakosa pumzi, akasema, "Marwa hakuwahi kusema umekuwa kama gunia. Lile neno nililitunga mwenyewe."

Hatukukumbatiana, msidhani! Nilimpa uji, akanywa nusu. Nikamwambia aende hospitali, wala asione haya. Akaondoka bila gauni. Kwenye sendofu alivaa la kukodi, kisha wakaoana. Dada yake ameniambia anatibiwa, na anakula.

Sijamsamehe. Nikimwona barabarani na Marwa, damu bado inachemka. Lakini nililofanya kwa mkasi wangu linanitia aibu kuliko nililotendewa, kwa sababu mimi nilikuwa naijua njaa ile inakopeleka mtu, nikamsukuma.

Wasomaji wenzangu, mtu akikuletea neno kuhusu mwili wako, muulize anayesemekana kalisema kabla hujaacha kula. Ukiona umeanza kuogopa chakula au kula kwa kujificha, mwambie mtu leo, nenda hospitali. Na wewe unayetaka kulipiza kisasi... chukia ukitaka, ninajua chuki ilivyo. Ila usimfanye mtu auchukie mwili wake. Mimi nilifanya hivyo, na ninaomba msinifuate.