Alikaribishwa Kanada Mara Moja Tu

Siku aliyotunukiwa digrii ya uhandisi, Dervla aliingia soko la ndani la Cork, huku Ireland, akiwa bado na joho jeusi, viatu virefu vyekundu na njaa ya mtu aliyeshindishwa akisikiliza hotuba. Soko lilifurika. Mama mmoja mwenye kikapu akampiga kikumbo, joho likafagia meza ya samaki, na Dervla akaenda zake na kibua mzima kwenye mkono wa joho.

"Dada! Huyo hajalipiwa!"

Akageuka. Nyuma ya barafu alisimama kijana mrefu, nywele nyekundu kama karoti, aproni nyeupe, buti za mpira hadi magotini.

"Kwani nimemwiba? Kanifuata mwenyewe."

"Simlaumu. Hata mimi ningekufuata."

"Muuza samaki una maneno wewe!"

"Muuza samaki mwenye digrii, tafadhali. Jiografia. Nikupe ramani nikuonyeshe huyo kibua alikotoka?"

"Na kazi je, kwenye ramani haipo?"

"Ipo. Ndiyo hii. Mjomba kanionea huruma."

Jina lake Fintan. Kufika Krismasi walikuwa wakivaa skafu moja shingo mbili. Kila mmoja aliishi kwa wazazi, maana kodi za mji huu hata daktari anazisikia tu, kwa hiyo mapenzi yao yalipikwa kwenye benchi kando ya Mto Lee, mvua ikinyesha, wote wawili wamejibana ndani ya koti la mvua la manjano la Dervla.

Hapo benchini ndipo mambo yalipoharibika. Kampuni moja ya madaraja huko Vancouver, Kanada, ilikuwa imempa Dervla kazi.

"Twende wote," akasema, macho mtoni, roho mkononi. "Kama unataka."

Moyo wa Fintan uliruka sarakasi. Mdomo wake ukasema: "Ah, hapana, usijisumbue kwa ajili yangu."

"Sawa," akasema Dervla.

Basi. Yakaishia hapo.

Nyie msiotoka huku mtamwona Fintan mjinga. Ni mjinga, ndiyo, lakini ni mjinga aliyelelewa vizuri. Kwetu ukikaribishwa chai unasema hapana. Ukikaribishwa tena, unasema hapana, nimetoka kunywa sasa hivi. Mara ya tatu ndipo unajikuna shingo na kusema haya, nusu kikombe, kama maji yameshachemka. Anayekubali mara ya kwanza, watu hujiuliza kalelewa zizi gani. Fintan alitoa hapana yake ya kwanza, akakaa kungoja karibu ya pili. Haikuja. Akajua basi, kumbe binti alisema kwa kutimiza adabu tu.

Dervla naye alikuwa ameweka moyo wake juu ya meza, akajibiwa kama mtu aliyepitisha sahani ya biskuti. Angerudiaje?

Miezi ikapita wakiongea kama majirani waliogombania ukuta. Wiki ya kuondoka, simu ya Fintan ililia; ni Dervla.

"Ijumaa naagwa pale baa ya kona. Uje, kama huna kazi."

"Nitaangalia."

"Usijilazimishe."

"Wala sijilazimishi."

"Sawa."

"Sawa basi."

Wote wawili wakakata simu, kila mmoja akaibamiza yake kitandani. Ijumaa Fintan alivaa shati la bluu alilopenda Dervla, akafika hadi mlango wa baa, akasikia kicheko chake ndani. Akajisemea, anafurahi kuondoka. Akarudi nyumbani. Hakujua kwamba kicheko kile kilikuwa cha kufunika kilio, na kwamba kila mlango ulipofunguliwa Dervla aligeuza shingo.

Asubuhi ya Jumamosi Fintan alikuwa akikwangua magamba simu ilipolia tena. Ni Brona, dada yake Dervla.

"Fintan, we punguani, tuko kituo cha basi. Dada yangu kajifungia chooni analia mpaka wasafishaji wanamwonea huruma. Kama humtaki si ungemwambia?"

"Mimi simtaki? Yeye ndiye hakunitaka!"

"Alikuomba muende wote, ukakataa!"

"Nilikataa kwa adabu! Nilikuwa nangoja aniulize tena!"

Brona alivuta pumzi ndefu.

"Fintan. Huyu hakuwa anakukaribisha chai. Basi linaondoka sasa hivi."

Kisu kikaanguka kwenye barafu. Mjomba akapiga kelele, wateja wakapisha, na mji mzima ukamwona mwenye digrii ya jiografia akikimbia kando ya mto na aproni yenye damu, buti zikilia pwachi pwachi.

Mlango wa basi la uwanja wa ndege ulikuwa unafungwa. Akaupiga kwa viganja. Dereva akaufungua, akamkagua juu mpaka chini.

"Umeua mtu, kijana?"

"Karibu nijiue mwenyewe. Nipishe, baba."

Dervla alikaa safu ya nyuma, macho mekundu, koti la manjano limefungwa hadi kidevuni. Abiria wote waligeuka kumtazama Fintan. Hata mtoto mchanga aligeuka.

"Unanuka," akasema Dervla.

"Najua. Dervla, nataka kwenda. Nilitaka siku ile ile. Usiniulize mara ya pili wala ya tatu, najikaribisha mwenyewe kama mtu asiye na kwao."

"Miezi yote hii, Fintan! Nimelala na kuamka nikijua hunipendi!"

"Nakupenda mpaka naona aibu."

Dervla hakumwonea huruma bado.

"Viza unayo?"

"Sina."

"Tiketi?"

"Sina."

"Pasipoti?"

"Iko kabatini kwa mama."

"Sasa unafikiri unakwenda wapi, mshenzi wewe?"

"Mpaka pale watakaponizuia. Nikizuiwa, naomba viza, nakufuata."

Dereva akaita kutoka mbele: "Bibie, anakaa au anashuka?"

Dervla akafuta pua kwa mkono wa koti. Kisha akaubeba mkoba uliokuwa kwenye kiti cha pembeni yake, akaupakata.

"Endesha," akasema.