Jitu la Kibarazani kwa Virgil

Kila asubuhi Lorna alikuta vipande vya majani makavu sebuleni, na kila asubuhi alimshuku mumewe.

"Virgil, mchezo huu umenichosha. Mbona unaliingiza humu lile dude lako nikishalala?"

"Mimi tena? Si wewe unayelichezea? Jana nililiacha mikono magotini, leo nalikuta limekunja nne!"

Dude lenyewe lilikuwa vazi la muuaji la Halowini, ule usiku wa vinyago ambapo watoto huzunguka nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Lilikuwa saizi ya mtu mzima: koti la ngozi lililochakaa, glovu nyeusi, na kinyago cha gunia chenye mdomo ulioshonwa. Virgil alilinunua kwenye mnada wa vitu vya marehemu, akalipendea huo uchakavu. Kama wanaume wengi wa mji wao katika jimbo la Ohio, alilishindilia majani, akaliketisha kwenye kiti kibarazani na bakuli la peremende mapajani. Watoto wakishazoea kwamba ni majani matupu, jioni ya Halowini mwenye nyumba huyamwaga, akalivaa mwenyewe na kukaa kimya. Mtoto akitia mkono bakulini, jitu hukurupuka. Ni utani wa kijinga, lakini mtaa mzima huungojea.

Lorna hakuuona utani. Koti lilinuka udongo mbichi, na mvua haikuwa imenyesha.

"Mwaka huu usilivae," alimsihi jioni ya Halowini ilipofika. "Naogopa, Virgil."

"Mke wangu, uzeeni ndiyo unaanza kuogopa matambara?" Akacheka, akaenda bandani kuyamwaga majani kwenye mfuko. Alirudi amelivaa, akaketi.

Giza lilipoanza kuingia, Tessa, binti wa jirani, alipanda kibarazani akatia mkono bakulini. Jitu halikutikisika.

"Bibi Lorna," alinong'ona, "Bwana Virgil yumo kweli? Mbona hapumui?"

Lorna aliishika ile glovu akaiminya, akitarajia majani yavunjike. Ndani mlikuwa na mkono, tena wa moto. Akashusha pumzi.

"Yumo. Kasinzia tu mzee wa watu."

Baadaye Virgil aliingia ndani, akavua kinyago mwenyewe. Alikuwa yeye, na kovu lake kidevuni. Lorna alimkumbatia, akazionea haya shaka zake.

Asubuhi akamwambia, "Nataka kulichoma lile vazi."

"Lichome, mke wangu. Silihitaji tena."

Liliungua upesi kama nguo yoyote, Lorna akajiona ameshinda. Virgil akauburuta mfuko wa majani hadi kando ya barabara, maana siku hiyo lori la mji hupita likiyanyonya na kuyasaga.

Lorna alikuwa dirishani na kikombe cha kahawa lori lilipofika, na mfanyakazi alipoupasua mfuko ili mdomo wa mashine uyafikie majani, yale majani yakajivuta nyuma, ingawa upepo haukuwapo, na kutoka katikati yake, chini ya ngurumo ya mashine, ikatoka sauti aliyoizoea tangu ujana wake, sauti dhaifu iliyosema, "Lorna, niko huku," naye akatupa kikombe, akatoka mbio bila viatu, akipiga mayowe wazime, wazime, na mwenye mashine akaweka mkono sikioni kwa kuwa hakusikia.

Alipofika, mfuko ulikuwa mtupu.

Akageuka nyuma. Kibarazani, kwenye kile kiti, Virgil alikuwa ametulia akimtazama, amekunja nne.