Namba Iliyowekwa kwenye Sefu

Jua lilikuwa linazama fundi alipokaza bolti ya mwisho ya sefu. Tangu saa tisa alikuwa akibishana na mama mwenye nyumba: isiwe chini ya dirisha, isiwe ndani ya kabati la kubebeka, ifungwe konani mwa chumba cha kulala, kwenye zege. Kwa ubishi fundi yule hakuwa na mpinzani.

"Unaficha dhahabu, mama?"

"Hati ya nyumba." Mama yule, mjane, akaiweka ndani mwenyewe. "Kesho saa mbili niko mahakamani na shemeji zangu. Nisipoionyesha, mimi na wanangu tunatoka hapa na nguo tulizovaa. Na kila ninapoificha, asubuhi naikuta kitandani. Upande wa marehemu mume wangu."

Fundi akacheka. Akacheka peke yake.

Mteja akiweka namba ya siri, fundi mwaminifu hugeuka.

"Tarakimu sita, mama, halafu ufunge." Akautazama ukuta; nyuma yake akasikia hatua zikiisogelea sefu.

Tit... tit... tit...

Sita. Mlango ukafungwa. Harufu ya udongo mbichi ikampita puani.

"Samahani, fundi," mjane akaita kutoka sebuleni. "Jirani alinishika na maneno yake. Nije sasa niweke namba?"

Chumbani hakukuwa na mtu mwingine.

Fundi akauvuta mlango wa sefu; ukagoma. Funguo za dharura alikuwa ameziacha kwenye pakiti, ndani ya sefu. Kosa la mwanagenzi, naye ana miaka ishirini kazini. Akawasha tochi. Vumbi la zege lilikuwa limetanda kwenye vitufe vyote, isipokuwa vile vilivyobonyezwa. Akamtajia mjane tarakimu za vitufe hivyo.

Mjane akashika ukuta.

"Ukizipanga, ni tarehe ya kesho."

Akafuta vumbi kwa kiganja, akabonyeza. Taa ikawaka kijani. Hati ilikuwa pale pale, na pakiti ya funguo juu yake.

"Mama, kesho usiende," fundi akanong'ona.

"Nisipoenda, nyumba imekwenda."

Lakini mkono wake haukuigusa ile hati. Miaka kumi na tisa aliishi na marehemu, na hakuwahi kumsikia akifanya mzaha. Aliogopa, tena aliogopa sana. Akapiga magoti.

"Baba watoto... usinichukue kesho, nipe siku nyingine. Bado nina wa kulea."



Ile harufu ikarudi. Wote wawili wakafumba macho.

Tit... tit... tit...

Walipofumbua, sefu ilikuwa imefungwa, na vitufe visivyo na vumbi havikuonyesha namba mpya. Mjane alilia. Fundi hakujua kama analilia nyumba au anashukuru.

"Fundi, unaweza kuikata?"

"Sina kifaa, mama. Labda keshokutwa."

Alidanganya. Mashine ya kukatia chuma ilikuwa ndani ya mfuko wake, na mfuko alikuwa ameshaukumbatia kifuani.